Nilibeba kitabu cha hesabu kilichonishinda, kile rahisi nikawapa form one

Wakuu, na kina dada mnaosoma bila kucomment kama mimi, hamjambo.

Juzi kuna kijana ameuliza hapa anunue kitabu gani cha hesabu, anajitayarisha kwa ule mtihani wa kuingia graduate school majuu. Mmemjibu, kila mtu na kitabu chake. Nimesoma majibu yote roho ikiniuma, kwa hivyo nimefungua uzi wangu.

Haya yalinitokea mimi. Sina sababu ya kuyapamba, maana mjinga kwa hii story ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Nilikuwa na degree ya hesabu, nafundisha kwa secondary moja ndogo ya mabati ndani ya Kibera, chini kidogo ya stage ya Olympic. Kwetu ni Western. Shuleni waliniita Madam Nafula.

Kulikuwa na profesa mmoja wa statistics huko Amerika. Alikuja campus nikiwa fourth year, akasoma project yangu, na alipoenda tukawa tunaandikiana.

Siku moja akaniandikia kwamba kuna nafasi ya masters kwa department yake, masomo yamelipiwa yote. Kitu kimoja tu: department inataka marks za juu za hesabu kwa huo mtihani. Tena akasema wazi kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho kazini. Akistaafu, hakuna mwingine pale atakayejua mimi ni nani.

Mtihani mmoja, mwaka mmoja. Na kitu wanachotaka ni hesabu, kitu ambacho nilikuwa najua kuliko mtu yeyote niliyekuwa nakaa naye. Mimi hapo nilishaanza kuwaaga watu kichwani.

Sasa kitabu.

Kwa maduka ya town vile vitabu vya review vilikuwa vya wenye pesa. Sisi tulienda soko la Toi. Kulikuwa na mzee anaitwa Baba Akinyi, anauza vitabu vya mitumba juu ya turubai, katikati ya watu wa viatu. Vilikuja kwa marobota kama nguo. Bei alikuwa anatoa kwa unene. Kitabu kinene, bei juu. Chembamba, bei chini. Ndani kuna nini, hiyo haikuwa shida yake.

Siku hiyo alikuwa na viwili. Kimoja chembamba, review ya hesabu: percentages, ratio, pembetatu, average. Kingine kinene, cover imefifia, kina jina la mtihani ule ule na chini yake kimeandikwa mathematics.

Wacha niwaambie vile sisi watu wa hesabu tulikuwa tunachagua kitabu. Husomi mbele. Mbele ni maneno, na maneno ni ya watu wa history. Unafungua katikati, unatafuta swali gumu kuliko yote, unalifanya ukiwa umesimama. Ukiliweza, unarudisha kitabu, kwa sababu kitakufundisha nini? Campus tulichagua vitabu vyote hivyo.

Kile chembamba nilimaliza swali lake la mwisho kabla Baba Akinyi hajamaliza kupanguza vumbi kwa kile kingine.

"Hii ni hesabu ya class eight," nikamwambia.

"Si ndiyo nakuambia, Madam. Hiyo ni ya watoto. Wewe beba hii ya wakubwa."

Nikafungua cha wakubwa. Calculus, linear algebra, mambo ya third year ambayo yalikuwa yameanza kunitoka. Swali la kwanza likanikataa. La pili pia.

Nikafurahi sana. Nikakibeba.

Kwa staffroom yetu kulikuwa na mwalimu wa commerce, Njoroge. Babake alikuwa na plot huko Kawangware, nyumba za kukodisha, ukielekea mtaa wa Satellite. Njoroge naye alitaka kwenda kusoma business, kwa hivyo tulikuwa tunafanya mtihani mmoja, siku moja. Alikuwa kijana mpole, lakini kwa hesabu, ukimwonyesha fraction anatoka jasho.

Huyo ndiye alienda kwa Baba Akinyi akabeba kile chembamba nilichokataa.

Akaniomba nimsaidie. Kila Jumamosi nikawa natembea kutoka Kibera mpaka Kawangware, tunakaa kwa sitting room ya kina Njoroge, mamake anatuletea chai, namfundisha percentages mtu mzima. Sikuwa nataka chochote kwake. Nilipenda tu vile alivyokuwa ananiangalia nikifanya swali, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini alikuwa na tabia moja ilikuwa inanikera. Hakuwa anafanya swali mpaka mwisho. Anaangalia yale majibu matano, anafuta mawili ambayo hayawezekani, halafu anachagua kati ya yaliyobaki. Mimi nimelelewa na mwalimu ambaye ukimletea jibu bila njia anakuchapa, hata jibu likiwa sawa. Nami nilikuwa nawafanyia wanafunzi wangu vivyo hivyo.

"Onyesha njia," namwambia Njoroge.

"Madam, hawa hawaangalii njia. Wanaangalia tu umeshade kiduara gani kwa penseli."

"Hiyo ni kubahatisha. Hesabu ni njia."

Siku moja aliona kitabu changu kwa mkoba. Akakigeuza geuza, akasoma cover polepole.

"Madam, lakini hii si ya mtihani wetu. Hii ni ya ule mwingine, wa watu wamespecialise kwa hesabu."

Nilikuwa nimeshaanza kushuku hivyo, kusema ukweli. Lakini kuambiwa na mwalimu wa commerce?

"Na mimi nimespecialise kwa nini, kushona? Nikiweza hii ngumu, ile rahisi itanishinda wapi?"

Akakirudisha kwa mkoba. Njoroge hakuwa mtu wa kubishana na mimi.

Wiki mbili kabla ya mtihani akanipa kile chembamba. "Nimekimaliza. Soma tu zile page za mbele, Madam. Si nyingi."

Page za mbele zilikuwa za maneno. Ati mtihani unaenda vipi, ati marks zinahesabiwa vipi. Hayo nilikuwa nimeshasoma kwa kile kinene. Hicho ndicho kitu pekee cha maneno nilichosoma kwa hicho kitabu, na kilisema hivi: ukikosa swali wanakukata marks, kwa hivyo kama hujui, acha wazi.

Kile cha Njoroge nikakipeleka darasani. Nikawapa form one wafanye kama homework. Walikipenda sana.

Siku ya mtihani tukaenda town pamoja. Hall kubwa, penseli za HB, kila mtu na meza yake.

Najua mtauliza, kwani hawakusoma instructions? Walisoma. Msimamizi alisimama mbele akazisoma kwa sauti, neno kwa neno, na zilikuwa zimeandikwa kwa booklet pia. Mimi hapo nilikuwa nimefunga macho najikumbusha formula za integration.

Hakukuwa na integration hata moja.

Maswali thelathini, dakika thelathini. Mengi yalikuwa yanakupa vitu viwili, kimoja kushoto kingine kulia, wanauliza kipi ni kikubwa. Basi. Kushoto 17 mara 23 mara 19. Kulia 17 mara 23 mara 20. Mtoto wa class four anaona kulia ni kubwa, kwa sababu 20 imepita 19 na zingine zinafanana.

Mimi nilizidisha. Pande zote mbili. Niliandika kando ya swali, safi, line baada ya line, nikapiga mstari chini ya jibu. Mkono ulienda wenyewe. Nilikuwa nasikia raha, hata, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinatoka sawa.

Nilipoangalia saa nilikuwa kwa swali la kumi na sita.

Nikaanza kukimbia. Na ukikimbia na hesabu inakukimbia. Section ya kwanza niliacha maswali manane wazi. Ya pili, tisa. Ningeweza kuyashade yote kwa sekunde kumi, penseli ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini kwa adabu. Nilikuwa najua wanakata.

Tukatoka. Tunatembea, Njoroge anacheka.

"Madam, ile section ya mwisho ilinilemea. Maswali yaliyobaki nilishade B zote mpaka chini."

Nikamcheka mpaka nikashika tumbo. Nikamwambia amejichinja.

"Wewe ulimaliza?"

"Niliacha kama kumi na saba."

Akasimama pale pale kwa pavement, watu wakawa wanatupita. "Uliacha wazi?"

"Si wanakata ukikosa."

"Hawakati, Madam. Hii yetu hawakati."

"Wanakata."

Aliniangalia vile unaangalia mtu amefiwa na bado hajaambiwa. Tukaachana Ngong Road, yeye Kawangware, mimi kwangu.

Jumatatu nikaingia darasa la form one, nikaomba kile kitabu. Alikuwa nacho monitor, kiranja wa darasa. Nikasimama nacho dirishani, wao wakadhani natafuta homework. Ilikuwa page ya tatu, kwa maandishi meusi, katikati kabisa: jibu kila swali, hata kama hujui, marks hazikatwi. Na chini yake: maswali ya kulinganisha usiyafanye mpaka mwisho, angalia tu.

Kuisoma yote, na kuirudia, ilinichukua dakika moja.

Nilifundisha siku hiyo. Sijui nilifundisha nini.

Majibu yalikaa wiki kadhaa kufika. Yalipofika hayakuwa na jipya kwangu. Profesa akaniandikia barua fupi, kwa mkono. Akasema amesikitika, department imekataa, yeye hana la kufanya, na kwamba hakutarajia hivyo kutoka kwa mtu aliyeandika ile project. Hakuuliza nini kilitokea. Afadhali angeuliza. Barua ya kumweleza niliiandika mara nne nikairarua mara nne, kwa sababu unaanzaje? Ati nilizidisha pande zote mbili?

Njoroge alipita. Si sana, lakini alipita ile ya kutosha.

Walimfanyia send-off kwao Kawangware, tent kwa plot ya babake, wazee, watu wa kanisa, wapangaji wote. Nilienda. Ningekataaje? Wakampa nafasi ya kuongea, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma.

"Hesabu yote ninayojua nimefundishwa na Madam Nafula. Madam, simama watu wakuone."

Nikasimama. Wakanipigia makofi. Mamake akalia, akaja akanikumbatia mbele ya watu, akasema Mungu atanilipa. Mimi nikatabasamu, na moyoni nilikuwa namchukia kijana wake kwa kosa la kuniambia ukweli mara tatu.

Hiyo chuki ilinichukua miaka kuimaliza. Na yeye hajawahi kujua, aliendelea kuniandikia kila Krismasi.

Sasa kijana uliyeuliza, kitabu ni hivi. Kitafute cha mtihani wako, si cha mtihani unaodhani unakustahili. Kikiwa rahisi, shukuru Mungu. Soma page za mbele kwanza, hata kama ni za maneno. Na kama kuna mtu unamdharau anakwambia kitu kuhusu kitu unachokijua, mwache amalize kuongea.

Nyinyi wengine, wa kunicheka acheke, nimeshazoea. Kama kuna mwenye alipoteza kitu chake hivi hivi, kwa kiburi na si kwa kutojua, aandike hapa chini tuwe wawili.

Lakini najua swali lenu la kwanza, kwa hivyo nijibu kabisa. Kwa nini sikurudia mwaka uliofuata, nitafute university nyingine?

Watu waliniuliza sana wakati huo. Niliwaambia sina nafasi. Niliwaambia mama ni mgonjwa, na mama hakuwa mgonjwa.

Sikuogopa kuanguka, wakuu. Nilikuwa nimeshasoma ile page, ningeanguka vipi. Niliogopa kupita. Nikipita ningejua hakika kwamba kitu kilichonizuia kwenda kilikuwa cha dakika moja. Nisiporudia, naweza kusema labda hata hivyo ningeanguka.

Ndivyo nimekuwa nikisema mpaka leo.