Mlinzi wa Mtu Mmoja

Nilikasirika hata kabla hajamaliza kusoma. Mwendeshaji wa mchezo wetu, kijana anayefundisha chuo cha Kyambogo na ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa ameandika kanuni mpya katika daftari lake, na kanuni yenyewe ilinihusu mimi peke yangu.

"Miezi sita sasa hakuna mutu amekufa," alisema. "Mlinzi iko na nguvu mingi sana. Tunapunguza."

Tulikuwa wanne, kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha saluni ya mdogo wangu huko Kansanga, Kampala. Mchezo ni wa kusimuliana. Mwalimu anaeleza pori, ngome na majoka, sisi tunasema wahusika wetu wanafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua kama wamefaulu. Kila mhusika ana kazi moja anayoimudu, nyingine zote anababaisha. Mdogo wangu alikuwa mganga, anayewainua walioanguka. Rafiki yangu, Mkongomani anayeuza vitenge, alikuwa mwasha moto: anaweza kuunguza kikosi kizima, lakini mwili wake dhaifu, mapigo mawili tu kwisha. Mimi nilikuwa mlinzi. Yeyote akirushiwa pigo, naruka mbele, linakuwa langu. Walinitania sana kwa hilo, maana wiki nzima nalinda mlango wa jengo la maduka kule Nakawa, halafu siku yangu ya mapumziko nakuja kulinda watu wasiokuwepo. Waache wacheke. Mimi ni mtoto wa mwanajeshi, nimekulia kambini, na nilipenda kujiona mtu wa kusimama mbele.

Kanuni mpya ilikuwa hivi: kabla ya kila pambano mlinzi atataja jina la mtu mmoja, kwa sauti, wote wakisikia. Huyo ndiye atakayemkinga hadi mwisho. Hakuna kubadilisha.

Nilibisha mpaka nikasimama. Mwalimu hakutishika.

"Jamani banange, muchezo bila kuogopa ni kunywa chai tu. Wewe ukilinda kila mutu, mganga anafanya nini? Anakaa!"

Mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali, msaliti yule. Na kweli, miezi yote hiyo alikuwa akingoja mtu aumie ili naye apate la kufanya. Kwa mizani ya mchezo Mwalimu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Rafiki yangu aliendelea kuchonga penseli yake. Alikuwa hajaniambia neno la maana tangu Jumanne ya wiki ile.

Kwa miaka mitatu alipanga vitenge vyake kwenye baraza ya jengo ninalolinda. Ni mimi niliyemwonyesha nafasi hiyo. Jumanne ile mwenye jengo aliamuru wachuuzi wote waondolewe, na watu wake walipofika kwa rafiki yangu walianza kuvitupa vitenge kwenye turubai. Yeye akanitazama. Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nimevaa sare, msimamizi wangu kando yangu. Ningeweza kusema mwacheni afunge mwenyewe, dakika kumi tu. Nikageuza uso, nikatazama barabara. Sikugusa hata kitambaa kimoja kwa mkono wangu, na siku zote zilizofuata nilijifariji kwa hilo, mtu mzima mimi.

Jumamosi hii alikuja kwa sababu mdogo wangu alimfuata kwake na kumbembeleza. Alinipa mkono bila kuniangalia. Nilijua kwamba akiondoka kama alivyokuja, harudi tena, na urafiki wetu umekwisha. Niliogopa kwelikweli. Tangu nilipoanza kuishi Kampala sijapata mtu mwingine wa kunicheka na kunikemea kama yeye.

Mwalimu akatufikisha kwenye daraja. Upande wa pili, alisema, wamesimama askari wanane wa chuma, na hakuna njia nyingine.

"Mlinzi. Taja jina."

"Dada, ni mimi," mdogo wangu akasema haraka. "Hesabu ni rahisi. Mimi nikibaki, wote munainuka. Mimi nikianguka, tumekwisha."

Nilijua. Yeyote aliyecheza mchezo huu hata mara mbili anajua kwamba mganga analindwa kwanza. Rafiki yangu alikuwa anazipanga dadu zake mstari mmoja, kubwa kwa ndogo, kana kwamba suala hili halimhusu.

"Nalinda yeye," nikasema, nikimwelekeza kidole.

"Jina," Mwalimu akasisitiza.

Nikalitaja jina la mwasha moto, kwa sauti iliyosikika hadi kwa wasusi kule mbele.

"Dada!" mdogo wangu akapiga kelele.

Mganga alianguka zamu ya tatu. Mimi nilipokea mapigo manne yaliyokuwa ya rafiki yangu, moja baada ya jingine, nikiyafurahia kijinga, nikisema kila mara, "Langu hilo, lete." Yeye aliunguza askari watano. Kisha nikaanguka, wa kuniinua hayupo, na askari watatu waliobaki wakammaliza rafiki yangu. Mwalimu akalifunga daftari polepole. Wahusika tuliowalea muda wote huo walikufa pale darajani kwa sababu yangu, na mdogo wangu alikuwa amenuna kabisa.

Mimi nilimtazama rafiki yangu. Nilingoja shukrani. Naona aibu kuliandika, lakini ndicho nilichongoja.

"Hapa jina yangu unaijua," alisema. "Ile Jumanne je? Banabeba bintu yangu, na wewe unaangalia barabara."

"Niliogopa. Nilifikiri watanifukuza kazi."

"Najua. Na miye nilikuwa na kazi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, ningepata la kujibu. Nilimwambia nisamehe, nikalirudia. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mteja aliyesema atarudi kesho.

Mwalimu alianza kugawa karatasi tupu. Tutaanza upya, alisema, kila mtu achague kazi. Nilidhani rafiki yangu atachukua mkoba wake aende. Akavuta karatasi.

"Miye nitakuwa mlinzi."

Mwalimu alinitazama. Kila meza ina mlinzi mmoja, wawili wanaharibu mizani, na nafasi hiyo ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza.

"Achukue," nikasema.

"Sawa. Lakini kanuni unajua, mama nnyabo," Mwalimu akamwambia. "Kila vita unataja mutu mumoja."

"Ninajua." Alikuwa tayari anaandika. "Naweza kujitaja miye mwenyewe?"

Mwalimu alilifungua daftari tena, akasoma ukurasa ule juu mpaka chini, akaugeuza, akaurudia. Hakuwa amelifikiria hilo. Mwishowe akasema hakuna mahali lilipokatazwa.