Warusha Madongo wa Bondeni

Juzi basi liliposimama Nyamwage nilishuka kunyoosha miguu, nikakuta watoto wanalenga kisiki kwa madongo. Mkono ukaniwasha. Nilirusha matatu kabla konda hajaniita, na kitini sikutulia tena mpaka Dar.

Mwenzangu, sisi tulikuwa mabingwa wa besiboli. Usicheke. Mwalimu mgeni alikuja shuleni kwetu bondeni na mpira mmoja na gongo la kuchonga. Kiwanja hatukuwa nacho, ila mikono tulikuwa nayo. Kila mpunga uliposhika maziwa, tulihamia dunguni, kibanda cha juu ya miguu ya miti katikati ya shamba, tukiwinga ndege kwa madongo tangu alfajiri hadi magharibi. Kila dongo lilikwenda na ukelele wake, "Haooo!" Mechi ya kwanza tukapiga ukelele uleule kila tuliporusha mpira. Mwamuzi akatuonya, wapinzani wakafa kwa kicheko, kisha wakaanza kukosa mipira. Tuliwashinda hao, tukashinda na wengine, hadi fainali Kibiti.

Fainali ikaangukia msimu wa ndege. Nilikuwa naishi na bibi, wawili tu, na shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka. Mwalimu akaja kuniombea ruhusa. Bibi alimsikiliza huku anapoza uji.

"Ndege hawana likizo, mwalimu," alisema. Akanigeukia. "Nenda, mjukuu wangu. N'tawawinga mwenyewe."

Tukiwa tunaongoza kwa pointi moja, nikainua macho nikamwona bibi mbele ya watazamaji, kanga imejaa vumbi la lori. Dunguni hakuna mtu! Nilitaka kukimbia nyumbani. Nikarusha harakaharaka ili yaishe, na wapigaji watatu wa mwisho hawakuugusa mpira. Wenzangu wakanibeba juu, mimi nauliza lori linaondoka saa ngapi.

Shambani tulikuta makapi. Mwaka ule tulikula muhogo mpaka tukauchoka. Timu nayo ilikufa mwalimu alipohamishwa, na madungu siku hizi huyaoni.

Jirani alimsuta bibi nikiwa nasikia: mtu mzima anaachaje mpunga kwa ajili ya mpira?

"Mpunga n'tapanda tena mwakani," bibi akamjibu. "Huyu mwakani hayupo."

Mwaka uliofuata nilikuwa bweni, mbali. Alilima peke yake, akawinga peke yake.