Gari la Arusi ya Rukia

Harufu ya mpira uliolowa, iliyochanganyika na mafuta ya taa na rangi ya viatu, ndiyo harufu ya Jumamosi zetu pale Gede nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Kabla jua halijawa kali, baba alikuwa keshayaondoa magunia yaliyofunika magurudumu ya gari lake jeupe, keshakunja suruali hadi magotini, na keshaniita nilete jivu na makumbi ya nazi. Tulizisugua ringi kwa jivu, kwa sababu upepo wa chumvi unaovuma kutoka upande wa Watamu hauachi chuma kikapumzika, kisha tukazisuuza kwa maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye pipa. Maji ya kisima baba aliyakataa. Alisema yana chumvi kuliko upepo wenyewe. Mimi nilipewa msumari wa kuchokolea changarawe zilizonasa kwenye meno ya tairi. Yeye alizipaka nati grisi, akajaza upepo kwa pampu ya mguu, halafu akaupaka mpira rangi nyeusi ya viatu mpaka ukameremeta kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mwisho mama aliitwa kutoka jikoni, na sote watatu tukalisukuma gari hatua chache mbele, au nyuma ikiwa wiki iliyopita tulilisukuma mbele, ili tairi zisilalie upande mmoja zikapasuka.

Tulilisukuma kwa sababu halikuwa likitembea. Baba alitoka Kitui, kwao Ukambani, akiwa kijana kuja kutafuta kazi pwani, akapata ya kutunza ghala katika hoteli moja ya Watamu, na gari hilo aliuziwa na meneja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Lilitutembeza miezi michache. Masika yalipoingia, giaboksi ikavunjika, na vipuri vyake havikupatikana hata Mombasa. Baba hakutaka jambo hilo lijulikane. Majirani aliwaambia, "Nalipumzisha tu. Mafuta yamepanda, nalitunzia safari ya Kitui." Kila asubuhi akapanda baiskeli akaenda kazini, na gari likabaki nyuma ya nyumba, viatu vyake vimepigwa rangi, halina pa kwenda. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Sisi waosha tulikuwa watatu, na tulinyamaza. Shuleni watoto waliponiuliza kwa nini baba mwenye gari anaendesha baiskeli, nilijibu maneno ya mafuta na Kitui kama nilivyofundishwa, huku masikio yakiniwaka moto.

Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa Bi Zuhura, mjane wa ukoo mkubwa wa hapo Gede, mwanamke mrefu wa sauti ya taratibu. Mwaka mmoja kabla ya hapo mama alipolazwa kwa malaria, ni yeye aliyenichukua nikala na kulala kwake mpaka mama akatoka hospitali. Kwa hiyo alipopiga hodi jioni moja, baba aliinuka kitini kabla hajamwona.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, baba. Nimekuja na haja," akasema alipokwisha kukaa. "Binti yangu Rukia aolewa mwezi huu. Nataka aende kwa mumewe kwa gari, na katika magari yote niyaonayo hapa, lako ndilo safi. Magurudumu yale mtu aweza kujitazama uso."

Mama alisita na birika mkononi. Nikamwangalia baba, nikingoja aseme. Baba alitazama sakafu, akasema, "Litakuja, Bi Zuhura. Usiwe na wasiwasi."

Mgeni alipoondoka, mama aliuliza kwa sauti ya chini, "Litakuja na nini, Baba Mueni?" Kesho yake akaletwa fundi kutoka Malindi, akalala chini ya gari kutwa nzima, akaondoka na giaboksi kwenye kikapu, akiahidi kurudi nayo kabla ya arusi. Hatukumwona tena. Kila siku baba alisema ataenda kumwambia Bi Zuhura ukweli, na kila siku alirudi kutoka kazini akiwa amechoka mno. Ahadi ni deni, na hiyo ya baba nililala nayo na kuamka nayo, mtoto mdogo, nikiomba inyeshe mvua ya kuvunja arusi.

Haikunyesha. Siku ya arusi baba aliamka, akayaosha magurudumu kwa utaratibu uleule, hakuruka hata nati moja, kisha akavaa suti yake ya kanisani. Baada ya alasiri tukasikia vugo. Wanawake walikuja wakigonga pembe zao na kuimba, leso zimefanana, Bi Zuhura mbele, wakifuatwa na vijana wa nyumba yake na nusu ya watoto wa darasa langu. Rukia alikuwa katikati yao, amefunikwa buibui, mikono tu ndiyo iliyoonekana, imejaa hina. Wakasimama mbele ya gari. Nyimbo zikanyamaza ili mlango ufunguliwe.

Baba hakuufungua. Alisimama na mkono juu ya bati la gari, jasho likimtiririka ndani ya kola. "Bi Zuhura," alisema, "gari hili halitembei. Halijatembea tangu masika. Nilikudanganya, na majirani zangu nimewadanganya."

Kijana mmoja alicheka kwanza, kisha kicheko kikaenea kama moto wa makuti. Nikauficha uso kwenye leso ya mama, lakini masikio hayana pa kufichwa. Bi Zuhura aliinua mkono wakanyamaza. Alilitazama gari, akamtazama baba.

"Na magurudumu?"

"Magurudumu ni mazima."

"Basi litasukumwa. Mwanangu haendi Nairobi, aenda hapo nyuma ya msikiti. Ingia ushike usukani."

Wakasukuma. Rukia na shangazi yake nyuma, baba mbele na suti yake, vijana wanane wameliinamia gari kwa nyuma, wakisukuma na kupiga kelele. Lilikwenda bila kukwaruza, jepesi, magurudumu yakizunguka kama yametoka dukani, na wanawake wakatunga hapohapo: "Gari jeupe la Mkamba, petroli halinywi, lanywa jasho!" Kijiji kizima kilitoka barazani. Nilitembea nyuma nikishika mkono wa mama, na nilichokiona njia nzima ni shingo ya baba kupitia kioo, imesimama wima, haigeuki kulia wala kushoto.

Jumamosi iliyofuata hakuniita. Wimbo ule uliimbwa shuleni mpaka muhula ukaisha, na barabarani alipopita na baiskeli, watu wazima walimwita Baba Ringi, kwa mapenzi nadhani, lakini yeye aliinamisha kichwa. Jirani mwingine alikuja kuliomba gari kwa arusi ya mwanawe, lisukumwe vilevile, maana lile la Rukia lilipendeza. Baba alimwambia ameliuza. Wiki hiyohiyo akaliuza kweli, na mwaka ulipokwisha tukahamia Mtwapa.

Sasa nina gari langu. Linatembea, na magurudumu yake huoshwa na vijana wenye mpira wa maji kando ya barabara, dakika chache tu, mimi nikisoma simu. Nimeshaupita umri aliokuwa nao baba wakati ule. Majuzi, kwenye matanga huko Malindi, mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniuliza kama mimi si Mueni. Alikuwa Rukia, sasa nyanya wa wajukuu wengi. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya siku ile, akanikatiza akicheka.

"Radhi ya nini? Wote walioolewa mwaka ule wamesahau walipelekwaje. Mimi wajukuu wangu waniomba niwahadithie. Na babako, mwanangu, sijapata kumsikia mwanamume mwingine akisema 'nilidanganya' mbele za watu, na suti mwilini. Marehemu mama alilitaja neno hilo mpaka kufa kwake. Yu wapi siku hizi, nimsalimu?"

Nikamwambia tulimzika Kitui zamani, na kwamba Gede hakurudi tena. Kila tulipopita hapo kwa basi alivuta pazia la dirisha.