Mtunza kanisa wa Tarvøya akwangua rangi aliyoipaka mwenyewe

Saa kumi na moja alfajiri jua la Juni limeshapanda juu ya ghala la samaki, na Ansgar Tverrvik yuko juu ya ngazi. Ameipa bahari mgongo. Anakwangua ukuta wa kusini wa kanisa la mbao la Tarvøya, kisiwa kidogo cha kaskazini ya mbali.

Skrepa, chuma cha kukwangulia, ameishika kwa mikono miwili. Rangi nyeupe inabanduka kama mpira, vipande virefu vinavyojikunja na kuanguka kwenye nyasi. Kila kipande kikitoka, Ansgar anaweka kiganja juu ya mbao iliyobaki wazi na kukiacha hapo kwa muda, kama anayepima homa ya mtoto.

"Bado imelowa," anasema. "Hapa napo."

Ana umri wa miaka sitini na saba, na ametunza kanisa hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Mshahara wake ni sehemu ya tano ya ajira kamili. Riziki nyingine anaipata gatini, anakofunga kamba za feri.

Anaanza kazi mapema kwa sababu anazoeleza bila kuangalia uso wa mtu. Feri ya kwanza inafika saa moja asubuhi. Kabla ya hapo ngazi iwe imelazwa nyuma ya kanisa, na vipande vya rangi viwe ndani ya gunia.

"Sitaki wanione," anasema. "Wakiniona watalazimika kunisalimia."

Rangi anayoikwangua aliipaka yeye. Si hivyo tu, aliwashawishi wenzake waikubali.

Tarvøya haina mti unaomzidi mtu mabega. Kanisa la kwanza lilichukuliwa na dhoruba usiku wa Krismasi, na asubuhi yake watu walikuta mimbari ikielea kwenye ghuba. Wazee wa wakati huo waliamua kwamba kanisa litakalofuata halitaondoka. Kila kaya ilinunua gogo lake la msonobari bara na kulivuta nyuma ya mtumbwi wa makasia. Kabla ya gogo kuinuliwa, kaya ilichonga alama yake juu yake, ile ile iliyochongwa kwenye makasia na mapipa ya samaki. Kisha jengo zima likafungwa kwenye mwamba kwa vyuma vinene, ambavyo bado vipo.

Magogo yakafunikwa kwa mbao, mbao zikapakwa rangi ya mafuta ya kitani. Rangi hiyo haidumu mbele ya upepo wa chumvi. Kwa hiyo ukazuka utaratibu wa Siku ya Ukuta. Kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, kisiwa kizima kilipaka ukuta mmoja, na mwaka uliofuata kikahamia mwingine. Mtunza kanisa alipiga kengele mapigo matatu, akiyaachanisha sana ili yasifanane na ya ibada wala ya msiba. Aliyeyasikia alichukua brashi yake akaja. Wanawake kwa wanaume walipanda ngazi, supu ya nyama ya kondoo ilichemka kwenye ukumbi wa usharika, na waliokuwa hawaongei tangu majira ya baridi walijikuta wanashikiana ndoo.

Miaka kumi na minane iliyopita Ansgar alisimama kwenye mkutano wa usharika akapendekeza utaratibu huo usitishwe. Vijana walikuwa wamehamia mjini. Waliobaki walikuwa na magoti mabovu. Alikuwa ameona dukani, bara, rangi ya plastiki ambayo kopo lake lilisema inadumu miaka kumi na mitano.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi rangi, ambaye sasa ni marehemu, alimpinga.

"Alisema, 'Ansgar, unataka kulivalisha kanisa koti la mvua halafu usilivue kamwe. Wewe umeshawahi kulala na koti la mvua?' Watu wakacheka," Ansgar anakumbuka. "Na mimi nikacheka. Nikamwambia, 'Mzee, wewe unaogopa kukosa kazi tu.' Wakacheka zaidi."

Anashuka ngazi taratibu, anakaa kwenye kikanyagio cha chini.

"Nilimwambia hivyo mbele za watu. Mtu aliyepaka kanisa hili maisha yake yote bila kulipwa."

Alichosema yule mzee kikatokea, polepole, bila mtu kukiona. Rangi ilibaki nyeupe inang'aa. Maji ya mvua yaliingia kwenye nyufa ndogo, yakakuta njia ya kutokea imezibwa.

Oktoba iliyopita Ansgar alikuwa anatundika shada la maua kwa ajili ya mazishi. Aliweka msumari ukutani, akageuka kuchukua nyundo. Msumari ulikuwa umeshazama. Alikuwa ameusukuma kwa kidole gumba.

"Nikatundika shada. Nikapiga kengele. Nikanyamaza mpaka Machi."

Hapa anasimama, anakwangua kidogo, kisha anarudi kwenye maneno yale yale.

"Mpaka Machi. Majira yote ya baridi. Kila Jumapili nawasha mishumaa na najua."

Alipowaambia hatimaye, kwenye mkutano wa mwaka, alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alizungumza amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza, Gudveig Ystebø, mama wa miaka themanini na minne aliyewahi kumfundisha Ansgar shule ya Jumapili, akainua birika na kuuliza kama kuna anayetaka kahawa zaidi. Kulikuwa na vafla, keki bapa zenye jamu. Watu wakala.

Asubuhi iliyofuata Ansgar alikuta mfuko wa keki za samaki umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wake. Keshoye jibini ya kahawia. Wiki iliyofuata soksi za sufu.

"Wangenitukana, ningelala usingizi," anasema. "Keki zile sikuweza kuzila. Nilimpa paka, na nikaona haya hata mbele ya paka."

Tangu mkutano huo haingii kanisani kwa mlango mkuu. Anapitia mlango mdogo wa sakristia, chumba cha nyuma cha mchungaji, na wakati wa ibada anakaa huko huko mpaka zamu ya kengele.

Baraza la sharika za wilaya, lenye ofisi bara, limeweka muda wa mwisho. Mafundi seremala watakuja mwishoni mwa Julai, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Olav, kubadilisha magogo matatu yaliyooza. Lakini hawatagusa ukuta ambao haujakwanguliwa wote na kukauka. Wasipoukuta tayari, watakwenda kwenye kanisa jingine lililo kwenye foleni, na hili la Tarvøya litafungwa. Harusi, vipaimara na majeneza vitavuka kwa feri.

Ansgar amekwangua chini ya theluthi moja. Amefanya hivyo peke yake tangu Mei.

Alipoulizwa kwa nini haombi msaada, alipangusa skrepa kwenye suruali.

"Nije kwao na uso gani? Niliwaambia waweke brashi chini. Sasa niwaambie waziokote?"

Inakaribia saa kumi na mbili na nusu pale sauti inaposikika kutoka kwenye lango la makaburi.

"We kijana! Hiyo ngazi umeiegemeza kama mlevi aliyeegemea ukuta."

Ni Gudveig. Anakuja taratibu, mkono mmoja una fimbo, mwingine unaburuta kreti la plastiki la samaki. Shingoni amening'iniza skrepa kwa kamba.

Ansgar anashuka haraka. "Mama Gudveig, umeamka mapema yote hii?"

"Sijalala. Dirisha langu linaangalia huku, umesahau? Tangu Mei nakuona unavyonyata kama mwizi wa kuku. Nikasema leo nikamkamate."

"Umande huu utakuumiza kifua."

"Kifua changu kimeshazoea. Sogea."

Anapindua kreti, analikalia, karibu na kona ambayo mbao zake zimeshang'olewa na magogo yanaonekana. Kwenye gogo la tatu kutoka chini kuna alama iliyochongwa: mistari miwili iliyokatana na nukta juu yake. Ni alama ya kaya ya Ystebø. Chini yake mti umekuwa mweusi na laini.

Ansgar anatazama viatu vyake. "Sikutaka ulione hilo."

Gudveig anabonyeza gogo kwa kidole. Kidole kinaingia. Anakitoa, anakipangusa kwenye aproni.

"Babu wa babu yangu alilivuta hili kwa siku mbili kwenye upepo wa mbele," anasema.

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza. Ile siku ya kopo lako la plastiki, nani aliinua mkono wa kwanza?"

Ansgar anaokota kipande cha rangi kwenye nyasi.

"Hukumbuki? Mimi nakumbuka. Ni mimi. Kabla hujamaliza kusema. Nilikuwa nimechoka kupika supu ya watu wote wale, na kuosha yale masufuria. Nikasema moyoni, asante Mungu, kijana huyu ametuletea likizo." Anaanza kukwangua. "Na yule mzee alipopinga, mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Mkutano wa Machi, ulipokuwa unaongea na kofia yako mkononi, nikasema sasa nisimame niseme. Nikainuka. Unajua nilichosema?"

"Uliuliza habari za kahawa."

"Niliuliza habari za kahawa."

Ansgar anachukua skrepa yake na kukwangua kando yake.

"Mimi nilidhani mmenikasirikia," Ansgar anasema. "Watu wanazunguka njia ya pwani ili wasipite hapa."

"Wanazunguka kwa sababu ukuta unawaangalia, we! Zile keki za samaki unafikiri zilikuwa za kukuhurumia? Kila mtu alikuwa analipia mkono wake alioinua. Kisiwa kizima kinaona haya, kila mtu chumbani kwake, na wewe umejitwalia aibu yote kama urithi wa baba yako."

Ansgar anacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo, kisha anageukia bahari.

"Piga kengele," Gudveig anasema.

"Siwezi."

"Mapigo matatu. Kamba ipo?"

"Kamba ipo. Nikipiga na asije mtu?"

"Nitakuja mimi. Tumeshakuwa wawili, na mmoja wetu anaweza kupanda ngazi."

"Na supu?"

Gudveig anamtazama kwa jicho la mwalimu wa shule ya Jumapili. "Safari hii masufuria utaosha wewe."

Kwa mbali feri inatokea nyuma ya mnara wa taa. Kwa kawaida huu ndio wakati Ansgar anapoificha ngazi. Leo anaigusa, anaiangalia, anaiacha ilipo. Anakung'uta vumbi jeupe kwenye mikono ya shati na kuanza kushuka kuelekea gatini.

Hatua chache mbele anageuka.

Mpango wake, anasema, ni huu: Jumapili ataingia kwa mlango mkuu, atakaa kwenye benchi la watu wake, na baada ya baraka atasimama na kusema aliyoyasema leo, pamoja na mzaha mbaya aliomfanyia yule mzee mbele za watu. Jumamosi inayofuata, umande ukishakauka, atapiga mapigo matatu.

Anamnyooshea mwandishi wa habari hii kidole chenye rangi.

"Liandike hilo gazetini. Litoke kabla ya Jumapili."

"Kwa nini kabla?"

"Kwa sababu likishachapishwa, ule mlango wa sakristia hautanisaidia kitu."