Mbwa Aliyekataa Nyumba ya Saruji

Mbwa wa Marcella Igoki alisemwa vibaya Kibugu nzima mwaka huo, na aliyemsema zaidi alikuwa Kithaka, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Marcella. Kithaka si mtu mbaya, asije mtu akamdhania vingine. Ndugu yake alipofariki, yeye ndiye aliyesimama kidete ili mpaka wa shamba la mjane usisogee hata unyayo mmoja. Lakini ana ugonjwa wake: akishaamini jambo, hata mvua ya Aprili haimwondoi hapo aliposimama. Na alikuwa ameamini kwamba mbwa huyo, Bosco, anachimba kaburi.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye baraka. Adrian, mwana wa pekee wa Marcella, ana kazi ya ofisi mjini Embu, na tangu aajiriwe alikuwa na nia moja tu moyoni: kumtoa mama yake kwenye nyumba ya mbao. Nyumba hiyo ilisimama juu ya vigingi kwa sababu ya unyevu wa huko juu karibu na msitu. Marcella aliingia humo akiwa bibi harusi, akamlea Adrian humo, na mumewe akatolewa kwa mlango huo huo akipelekwa kuzikwa. Sakafu yake ililia kila mtu alipopita, na upepo uliingia bila kupiga hodi. Chini ya sakafu, penye majani makavu ya mikima, ile miti ya mpakani, yaliyosukumwa na upepo, ndipo Bosco alipolala tangu akiwa mdogo, sawasawa chini ya kitanda cha mama. Bosco akijigeuza huko chini, Marcella alimsikia. Marcella akikohoa huko juu, mkia uligonga ubao. Hakuna aliyeyaita hayo mapenzi. Yalikuwa makelele ya nyumba tu, na mtu huzoea.

Basi Adrian akajenga. Nyumba ya mawe, mabati ya rangi nyekundu, madirisha ya vioo, na sakafu ya vigae vinavyong'aa hadi unaweza kujipakia mafuta usoni ukijitazama humo. Nyumba ya mbao ikabomolewa, mbao zikaenda kuziba zizi la ng'ombe. Jiko la zamani pekee ndilo lililoachwa, na hata hilo Adrian alisema ni la muda. Na kwa kuwa ni kijana asiyesahau mtu, karibu na lango alimjengea Bosco nyumba yake: saruji chini, saruji kutani, na mabati mekundu juu kama ya mama.

Jumuiya ya kanisa ilipokuja kubariki nyumba, katekista alinyunyiza maji ya baraka kila chumba, na alipofika langoni akamnyunyizia na Bosco pia. Watu wakacheka. Wanawake wakaimba. Ruguru, jirani wa ng'ambo ya kijito, akamshika Marcella mikono yote miwili.

"Mama Adrian, Mungu amekukumbuka kabisa," akasema. "Umechuma majani chai hadi mgongo umepinda. Sasa kazi yako ni kulala tu."

Kulala ndiko kulikokuwa na kazi.

Bosco alianza mara tu giza lilipoingia. Aliingia kwenye nyumba yake mpya, akazunguka, akazunguka tena, akaparura saruji kwa kucha, akatoka. Akaingia tena. Kila aliporudi ilikuwa ni kuzunguka na kuparura, kuparura na kuguna, kama mzee aliyepoteza ufunguo. Alipochoka na saruji alikwenda uani, akachimba udongo, akajikunja kwenye shimo, na baridi ya Julai ilipompata huko alisimama akaanza kulia. Alikuwa na kilio kirefu, cha kukata maini. Asubuhi ua ulikuwa na shimo jipya, na Bosco amelala kando yake macho yakiwa mekundu.

Wazee wa upande huo wana neno lao: mbwa akichimba uani usiku, ujue anamchimbia mtu wa boma hilo. Kithaka alikuja akatazama mashimo, akaweka mikono nyuma.

"Mama Adrian, hii mbwa si ya kawaida," akasema. "Imeona kitu. Na katika hii boma, mtu ni nani kama si wewe?"

"Labda ni nyani wa msituni anawabwekea."

"Nyani habwekewi kwa kuchimba. Wewe ni bibi ya ndugu yangu, siwezi kukaa nikitazama. Nitamleta daktari wa mifugo Jumamosi, aichome sindano ya kulala kabisa. Adrian nimeshamwambia, atakuja pia."

Marcella alikubali, shingo upande. Alikubali kwa sababu aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba: mwanamke anayehudhuria misa kila Jumapili na rozari mfukoni aliogopa shimo la mbwa. Isitoshe, alikuwa amechoka, maana hata yeye hakuwa akipata lepe la usingizi.

Hilo alikuwa hajamwambia mtu. Tangu ahamie nyumba ya mawe alikuwa akijigeuza kitandani kama chapati juu ya kikaango. Vigae vilimtoboa nyayo kwa baridi. Kuta hazikusema lolote. Alikohoa, na kikohozi kikamrudia mwenyewe. Mara nyingi aliamka, akajitanda shuka, akaenda kwenye jiko la zamani, akachochea makaa na kukaa kwenye kigoda hadi shingo ilipoanguka. Kabla ya kupambazuka alirudi akatandika kitanda vizuri, mtu asije akajua. Angemwambia nani? Kibugu nzima ilikuwa imemshukuru Mungu kwa niaba yake. Mwana amejinyima ujana wake kukujengea, halafu uende kwa watu useme nyumba hailaliki? Hiyo ingekuwa kufuru, tena kufuru yenye mashahidi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawakumwambia mwenye kitanda amweleze nani.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya daktari kuja, Marcella alikwenda upande wa shamba uliopogolewa ili akusanye kuni. Michai ilikuwa imekatwa hadi magotini, na matawi yake yamelala kwenye mistari, majani yamekauka. Katikati ya mstari mmoja akamwona Bosco, amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo wazi kidogo.

"Bosco," akaita.

Hakutikisika.

Marcella akaweka panga chini. Akasema moyoni kwamba ni vyema, ameondoka mwenyewe, Kithaka hatasumbuka. Kisha akashangaa kuona machozi yanamdondokea. Alikaa chini kwenye matawi akalia kwa sauti, yeye ambaye kwenye mazishi ya mumewe watu walimsifu kwa kujikaza. Alimlilia mbwa, akamlilia na mume, akailia na sakafu ile ya mbao iliyokuwa ikipiga kelele, na kusema kweli hakuweza kuvitenganisha.

Nzi akatua kwenye sikio la Bosco. Sikio likaruka.

Marcella akanyamaza. Bosco akafungua jicho moja, akamwona, akajiinua taratibu kwa viungo vya mzee. Akazunguka pale pale alipokuwa. Akaparura majani makavu, akayasukuma huku na huku, akazunguka tena, akayakanyaga, hadi pakawa na kishimo cha duara kama kiota cha kuku. Ndipo akajibwaga ndani, akashusha pumzi ndefu na kulala fofofo, mchana kweupe.

Marcella akatazama kile kiota. Miaka yote alikuwa amesikia mkwaruzo huo chini ya kitanda chake kila jioni na hakuwahi kuinama kuona ni wa nini.

"Kumbe huchimbi," akamwambia. "Unatandika!"

Akacheka peke yake shambani, pua ikiwa bado na kamasi za kilio. Masikini, kaburi gani? Mbwa alikuwa anatafuta shuka kwenye saruji. Alikuwa anafanya alivyofanya tangu utotoni, na saruji haitandikiki, basi akaenda kwenye udongo, na udongo wa Julai ni barafu kwa mifupa iliyozeeka.

Jioni hiyo alijaza gunia majani makavu, akayamwaga kwenye pembe ya jiko la zamani, mbali kidogo na mafiga. Kwao mbwa haingii penye chungu. Ruguru angemwona angeshika kichwa. Marcella alifungua mlango hata hivyo. Bosco alisimama kizingitini akingoja kufukuzwa, na alipoona hafukuzwi akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye pembe, akazunguka, akaparura, akajibwaga. Marcella alikaa kwenye kigoda amtazame kidogo tu. Akakohoa. Mkia ukagonga ubao wa ukuta. Akatandika mkeka karibu na moto, apumzishe mgongo.

Asubuhi Kithaka alifika na daktari wa mifugo, na Adrian nyuma yao. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Hawakuona mtu uani, wala ng'ombe hajakamuliwa, jambo ambalo katika boma la Marcella halikuwa limewahi kutokea. Adrian akafungua nyumba, akaenda hadi chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, baridi, bila mkunjo hata mmoja.

"Nilisema!" Kithaka akavua kofia. Alimpenda shemeji yake, na hilo lilionekana wazi saa hiyo. "Si nilisema mimi?"

Adrian alikimbia kuzunguka nyumba akiita. Kwenye jiko la zamani alisukuma mlango kwa bega, akasimama. Mama yake alikuwa kwenye mkeka, shuka hadi kidevuni, akikoroma. Kwenye pembe Bosco alikuwa akikoroma pia.

"Mama!"

Marcella akashtuka, akaona jua, akaona wanaume watatu mlangoni. "Ng'ombe wangu!" ndilo neno lake la kwanza.

Daktari akaingia, akachuchumaa, akampapasa Bosco mgongo na magoti. Bosco alifungua jicho, akalifunga.

"Huyu ni mzee tu, baridi imemuingia kwenye viungo," akasema, akafunga mkoba wake na kumgeukia Kithaka. "Mzee, mimi sichomi sindano ya usingizi mbwa ambaye amelala."

Kithaka akatazama kofia yake mkononi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Marcella akamweleza habari ya majani na kutandika, na kwa mara ya kwanza maishani Kithaka alisogea kutoka hapo aliposimama, akaenda kumsindikiza daktari.

Adrian alibaki. Alitazama mkeka, akatazama makaa, akatazama alama ya mahali mtu alipokaa mara nyingi karibu na ukuta.

"Bosco nimeelewa," akasema. "Lakini wewe, Mama? Kitanda chako kina shida gani?"

Hapo angeweza kusema alisinzia kwa bahati mbaya. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akamtazama mwanawe, mvi mbili tatu zimeshaanza kando ya sikio, akaona kwamba uwongo huo ungemfanya siku nyingine tena akimbie kumtafuta mama yake na kumkuta jikoni.

"Adrian, nyumba yako ni nzuri," akasema. "Kila mtu ananiambia ni nzuri, na mimi naiona. Lakini tangu nihamie sijalala. Hii mbwa ililia, mkasema ni kaburi. Mimi sikulia, mkasema nimebarikiwa."

Adrian akakaa kwenye kigoda. Ilimuuma, uso wake haukuficha. Alifungua mdomo aseme habari ya mawe na vigae na miaka aliyojinyima, na Marcella akangoja ayaseme, maana alikuwa na haki ya kuyasema. Badala yake alivua viatu vyake vya mjini, akaweka nyayo karibu na makaa.

"Sikukuuliza," akasema mwishowe. "Nilichora ramani na fundi, nikachagua rangi, nikachagua vigae. Wewe sikukuuliza hata siku moja." Akamgeukia. "Mama, wewe ungependa iwe vipi?"

Marcella hakuwahi kuulizwa hilo. Si na mumewe, si na wazazi wake, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Akamwambia mwanawe angoje, yeye akamkamue ng'ombe kwanza, kisha wanywe chai, kwa sababu neno hilo alitaka kulifikiria akiwa ameketi.