Moshi wa Mchana

Asubuhi ile mama alikuwa akikanda unga. Babu Olav, baba yake, alikaa dirishani akishona wavu. Ilikuwa mwaka 1944, wakati wa vita, nami nilikuwa na miaka saba. Kijiji chetu kilikuwa kaskazini kabisa mwa Norwei: nyumba kumi na moja za mbao, zimebanwa baina ya mlima na bahari. Baba alikuwa melini, hatukuwa na khabari zake.

Kabla ya adhuhuri wakashuka askari wa Kijerumani. Walikuwa wakirudi nyuma, na hawakutaka kuwaachia Warusi hata paa moja. Tukapewa saa mbili tupande meli ya kutuhamisha. Babu akakataa, akatutoa kwa mlango wa nyuma. Kutoka mlimani tuliziona nyumba zikiwaka. Yetu ilikuwa ya nne. Mama hakulia, vidole vyake vilikuwa bado na unga.

Tukaishi pangoni, na dada yangu Liv wa miaka mitatu. Babu aliweka sharti moja: mchana hakuna kuwasha moto.

Siku ya tisa yeye na mama walishuka, kila mmoja na upande wake, kutafuta viazi mashambani. Midomo ya Liv ikawa buluu. Kisha akaacha kutetemeka.

Nikawasha moto.

Mashua ya askari iliyokuwa ikipita ikauona moshi, ikageuza kuja kwetu.

Babu akafika mbio peke yake, akauzima kwa theluji. Hakunikaripia.

"Mshike dada'ko. Usitoke."

Akateremka mikono juu, akipiga kelele kwamba yuko peke yake. Wakamchukua. Hatukumwona tena.

Mama aliamini babu ndiye aliyewasha ule moto. "Uzee ulimpumbaza baba," akisema miaka yote. Mimi nikinyamaza.

Sasa nnaishi Ruwi, hapa Maskati, na mke wangu Zuwena, mzaliwa wa Unguja, aliyenifundisha lugha hii. Juzi jirani alichoma mishikaki, moshi ukaingia sebuleni, nikajikuta nnamwambia Zuwena yote.

"Ulikuwa mtoto, Baba Salim," akasema. "Mungu hamwandikii mtoto dhambi."

"Mama alipokufa nilikuwa na miaka hamsini."

Zuwena akaenda kufunga dirisha. Baadaye akauliza, "Na Liv?"

Liv yu hai, kule kule kijijini, katika nyumba iliyojengwa baada ya vita. Ana wajukuu sita. Kila wakikusanyika huwahadithia juu ya yule mzee mpumbavu aliyewasha moto mchana.