Ubani kwenye Chumba cha Panya

Saa moja asubuhi, Inshirah Abdel-Barr anamnyanyua panya jike kwa shina la mkia na kutafuta ukeni kizibo cheupe kinachoonyesha kwamba usiku alipandwa. Akikiona, anamhamishia kizimba kingine. Mimba hana, kwa kuwa madume wa hapa wamefungwa uzazi. Lakini mwili wake umeshadanganyika, na sasa yuko tayari kupandikiziwa mimba changa za panya wengine.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na minane katika maabara moja jijini Kairo. Hajipaki manukato hata siku ya Idi, maana harufu ngeni huwatia panya kiwewe. Majirani zake wa mtaa wa Imbaba humtania: "Mama Rihab, panya wako wanaolewa kila siku, mabinti zetu wanazeekea nyumbani!"

Siku hizi hacheki. Rihab, bintiye, ana ugonjwa wa damu wa kurithi na anaishi kwa kuongezewa damu. Mwezi uliopita walizaliwa panya wa kwanza wa kujaribia dawa ya ugonjwa huo huo. Inshirah ndiye aliyewachagua majike waliowabeba.

Dakta Shirin, mkuu wa maabara, aliwaita watu wote waje kutazama. "Wazuri! Wanono!" Hakuna aliyesema mashallah.

"Moyo ukanipasuka," anasema Inshirah. "Nikajua hawa wameshapigwa jicho la husuda."

Wenzake walipotoka kula, akafukiza ubani mlangoni, kama anavyomfukizia Rihab kila Ijumaa. Feni ikauvuta moshi ndani. Kulipokucha, majike walikuwa wameingiwa na kiwewe na kuwala watoto wote.

"Nani kafukiza humu?" aliuliza Dakta.

"Mimi."

"Wewe, mama? Wewe unayetufukuza tukinukia sabuni?"

Ningependa kumtetea, lakini kosa ni lake na analijua. Mzembe angejisamehe upesi. Huyu aliponzwa na mapenzi, na hilo linaniuma hata mimi ninayeandika.

Ameshaambiwa ataondoka kazini. Zimebaki mimba changa chache zilizogandishwa, na Dakta amemruhusu kuchagua majike wa mwisho wa kuzibeba. Wakizaa, haruhusiwi kuingia.

"Sawa, nisiingie," anasema, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Kila jioni Rihab ananiuliza, 'Mama, panya wangu wameshafumbua macho?' Namwambia bado. Nataka hawa wafumbue, nipate kuacha kumdanganya mwanangu."